Rimu za Kromu Nilizomnunulia Mwanangu

Kwa wiki tano korido ya nyumba yetu hapa Al Rigga ilikuwa na rimu nne zilizopangwa moja juu ya nyingine kama masufuria ya shughuli. Mke wangu alizipita ubavuubavu akienda jikoni. Wageni walijitazama nyuso zao ndani yake wakacheka. Mdogo wetu alizigonga kwa kijiko asikie zinavyolia. Mimi nikirudi kazini usiku, nikiwa navua viatu, nilizitupia jicho na kuona haya, na sikumweleza mtu kwa nini. Leo nawaeleza ninyi wasomaji wenzangu, maana najua wengi wenu mna vijana, na vijana wengi wa huku wana magari.

Tunakaa mtaa wa nyuma ya barabara ya Al Rigga, mwendo wa dakika sita kutoka stesheni ya metro. Mimi ni mtu wa Tanga, nilifika Deira mwaka 2006, metro haijawa. Stesheni yetu ilikuwa miongoni mwa zile kumi za mwanzo zilizofunguliwa Septemba 2009, na siku hizo nilimpeleka mwanangu mkubwa, mtoto wa miaka sita wakati ule, akaone treni isiyo na dereva. Watu wote walikuwa wakipiga picha. Yeye akaniuliza, "Baba, ikikataa kusimama, nani atakanyaga breki?"

Kazi yangu ni kargo. Ofisi yetu iko upande wa Naif. Tunapokea mizigo ya watu wa kwetu, tunapima, tunafunga, tunapakia kontena za Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar. Mapazia, friji, makapeti, vyombo vya bibi harusi. Na rimu. Sina hesabu ya rimu nilizopakia kwa miaka hii yote, nyingi zikiwa za mtumba, na zinazotafutwa kuliko zote ni zile zinazong'aa.

Kijana alipomaliza chuo na kupata kazi akanunua Toyota 86 iliyotumika, gari dogo la milango miwili. Nilitaka kumpa kitu cha kumpongeza. Nami sikuhitaji kufikiri sana. Utotoni kwangu, Ngamiani, kulikuwa na jirani mwenye Peugeot 504 ambayo vifuniko vya magurudumu yake viling'aa hadi ukiona jua ndani yake unafumba macho. Siku ya Idi tuligombania kuiosha. Kwetu sisi gari linalong'aa lilikuwa gari la mtu aliyefika. Basi nikaenda kwenye duka moja la rimu za mtumba, nikachagua seti ya kromu ya inchi 18, nikabishana bei hadi dirhamu 1,400 pamoja na nati zake, nazo za kromu. Muuzaji akazipangusa kwa kitambaa mbele yangu. Nilijiona ndani, na nilijiona kijana.

Mwanangu alipoziona alisema, "Ahsante Baba, nzuri sana." Kisha akakaa kimya kidogo. Alikuwa ameshalipia usiku mmoja wa kuendesha kwenye uwanja wa mbio, jambo alilokuwa akilisubiri miezi. "Hizi nitazivaa mjini, siku za Idi na harusi," akasema. "Uwanjani nitakwenda na zile za kiwandani."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimuuliza zina ubaya gani. Akaanza kunieleza mambo ya joto, na kwamba rimu ya kromu ya mtumba hujui imepitia wapi. Sikumsikiliza hadi mwisho. Nikamwambia, "Mimi napakia rimu tangu wewe hujajua kufunga kamba za viatu." Mama yake alikuwa pale, akanitazama, hakusema neno.

Kijana akasema, "Sawa, Baba."

Wazazi wenzangu, sote tumeyapenda maneno hayo mawili. Tunawalea watoto ughaibuni tukiwa na hofu moja, kwamba watatuzoea, watatujibu, watakuwa watoto wa televisheni. Mtoto akisema "sawa, Baba" mbele ya watu, kifua kinajaa. Mimi kilijaa.

Uwanja wenyewe ni Dubai Autodrome, kule Motor City, upande wa pili kabisa wa mji kwa sisi wa Deira. Ulifunguliwa mwaka 2004, na ukizungushwa wote una urefu wa kilomita 5.39. Siku za kawaida mtu mwenye gari lake anaweza kulipa akaingia na kuendesha kwa zamu, kila zamu dakika ishirini hivi, hakuna mashindano, kila mtu na gari lake. Wanakagua helmeti, wanawaeleza bendera, wanaangalia gari kwa juujuu. Ilikuwa Februari, hewa nzuri ya baridi. Nilisimama nyuma ya ukuta pamoja na rafiki zake, na mmoja wao alikuja na pikapu. Gari la mwanangu likatoka, na chini ya zile taa kubwa rimu zangu ziliwaka kama fedha. Nilipiga video nikamtumia ndugu yangu Tanga.

Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne hakupita alipotakiwa kupita. Nikahesabu magari. Kisha nikamwona anakuja polepole pembeni, taa za hatari zinawaka.

Alishuka akisema usukani ulianza kutetemeka kwenye kona za kulia. Msimamizi mmoja wa uwanja akaja na tochi, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele kushoto. Kati ya nati tano, mbili zilizunguka kwa vidole vyake. Tairi lilikuwa limepungua upepo. Na pale ukingo wa rimu unapokutana na tairi, kromu ilikuwa imebanduka utepe mrefu, umekunjuka kama ganda la kitunguu. Nikaugusa ukanikata kidole. Msimamizi, kwa adabu kabisa, akasema gari hili kwa leo limemaliza.

Mwanangu hakulalamika. Alikwenda kwenye pikapu ya rafiki yake akarudi na rimu zake za kiwandani, zimevishwa tairi tayari, pamoja na jeki na spana. Alikuwa amezipakia kabla hatujaondoka nyumbani.

Tukiwa Al Khail tunarudi, nikamuuliza. "Ulijua?"

"Nilihisi, Baba."

"Kwa nini basi ukazifunga?"

Alinyamaza hadi tukapita mataa mawili. "Ulikuwa umeshanunua," akasema.

Baada ya siku tatu nilizichukua rimu hadi Sharjah, eneo la viwanda, kwa fundi mmoja mzee wa Mombasa ambaye ujanani mwake alishika spana kwenye magari ya Safari Rally, ile iliyoanza mwaka 1953. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza yote, hata lile la kamba za viatu. Akacheka sana. "Safari umeitazama tangu mtoto," akasema. "Wakumbuka gari gani la kushinda lenye rimu za kromu? Hizo ni za Ngong, kule kwa mashindano ya usafi." Alikuwa anasema ile Concours d'Elegance ya Nairobi, ambayo klabu ya wenye Alfa Romeo huiandaa kila mwaka kwenye uwanja wa farasi wa Ngong, na majaji hupita na vitambaa vyeupe. Kila uwanja na vazi lake.

Nilidhani ataniambia kromu ni mbaya, basi. Hakusema hivyo, na hili ningependa lieleweke, kwa sababu hapa mjini utasikia watu wa aina mbili, wanaosema kromu ni haramu kwa gari na wanaosema haina tatizo lolote, na wote wanazungumza bila kugeuza rimu wakaangalia nyuma yake. Kuna magari makubwa ya Kimarekani yaliyotoka kiwandani na rimu za kromu, yakatembea miaka kumi na tano bila neno. Kiwanda kilizipima zikiwa na kromu yake. Shida ya zangu ilikuwa nyingine.

Kwanza alinieleza kwamba kile tunachokiona ni kitu chembamba mno. Tabaka la kromu lenyewe kwa kawaida halifiki elfu moja ya milimita. Mwili wa mng'ao ni nikeli iliyo chini yake, na mara nyingi chini ya nikeli kuna shaba, vyote vimechovywa kwa umeme ndani ya birika la dawa. Kwa hiyo kromu haiongezi nguvu yoyote. Ikifanywa vizuri juu ya rimu mpya haipunguzi sana pia. Lakini rimu kuukuu inayopelekwa kuchovywa upya huvuliwa kwanza. Inalazwa kwenye asidi kutoa tabaka la zamani, inapigwa msasa hadi ilainike, na palipogongwa na kingo za barabara panajazwa kwa kuchomelea. Kisha ndipo inavishwa. Ikitoka hapo ni bibi harusi, huwezi kujua usiku wa jana alilala wapi.

Akachukua rimu ya mbele kushoto, akaigeuza, na kwa msasa akaanza kula kromu upande wa ndani, kati ya mikono miwili. Ilichukua dakika chache. Chini ya mng'ao alumini ilikuwa ya rangi mbili, na katikati yake mstari wa mafundo madogo kama ushonaji wa mtu mwenye haraka. "Waona hii?" akasema. "Huyu alivunjika mkono, akaungwa."

Rimu za alumini za mtindo huu hufinyangwa kwa kumiminwa, kisha hupewa dawa ya moto: zinapashwa, zinapozwa ghafla, halafu zinaivishwa tena kwa moto mdogo kwa saa kadhaa. Ugumu wake unatoka hapo. Ukija kuchomelea baadaye, pale pote moto ulipofika unafuta ile kazi. Wazee wetu walijua hili kwa panga na jembe, mhunzi akikirudisha chuma motoni ovyo, makali yanakuwa laini. Fundi akapaka dawa nyekundu juu ya ushonaji, akangoja, akaipangusa, akapuliza unga mweupe. Taratibu, kama wino kwenye karatasi ya chooni, ukajitokeza mstari mwekundu mwembamba wa urefu wa kidole changu cha shahada. Ufa. Ulianzia kwenye kidonda cha kuchomelea ukawa unaelekea kwenye tundu la nati.

Nilikaa kwenye ndoo.

Akaendelea, nadhani kwa huruma, ili nisibaki kutazama ule mstari. Akaniuliza kama najua breki za gari lile zinatoa joto kiasi gani. Alivyoeleza, nilipofika nyumbani nilimwomba mwanangu tupige hesabu pamoja, ikawa hivi: gari la kilo 1,250 pamoja na dereva, likitoka kilomita 160 kwa saa hadi 60 kabla ya kona, ndani ya sekunde chache linageuza mwendo kuwa joto linalotosha kuchemsha lita tatu za maji ya bomba. Birika zima la chai ya wageni. Na hiyo ni kona moja. Mzunguko una kona nyingi, na zamu ina mizunguko mingi. Mjini kutoka Al Rigga hadi Clock Tower breki zinapata nafasi ya kupumua kila taa. Uwanjani hazipumui. Joto lile linaingia kwenye diski, kwenye habu, na rimu ndiyo jirani wa mlango wa pili.

Sasa alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya nikeli. Jozi hiyo moja ikitaka kwenda na nyingine ikibaki, kila zamu, siku moja gundi inaachia. Zangu zilikuwa zimeshaanza kuachia kabla sijazinunua. Hewa yetu ya pwani ya Ghuba ina chumvi na unyevu, na wale waosha magari wa usiku kwenye maegesho ya majengo yetu hupenda kusugua rimu kwa dawa kali zenye asidi, maana inang'arisha haraka. Inapenya kwenye mkwaruzo mdogo, inakula alumini chini kwa chini, juu bado panang'aa. Palipobanduka kwenye ukingo wa tairi ndipo upepo ulipotokea. Utepe ule ule ulionikata kidole ungeweza kulikata tairi.

Kuna jambo jingine alilonieleza ambalo nilitaka kulikataa. Alisema mng'ao wenyewe unazuia joto kutoka. Mke wangu alinielewesha kwa mfano wa jikoni bora kuliko sisi wote: chai kwenye birika la fedha linalong'aa hukaa moto kuliko kwenye birika lililochafuka masizi. Uso mweusi na wa chakavu hutupa joto nje, uso wa kioo hulibania ndani. Lakini fundi mwenyewe aliweka hili mahali pake, kwamba gurudumu linalokimbia hupozwa zaidi na upepo, kwa hiyo hiyo ni sehemu ndogo ya maneno. Nimeiandika kwa sababu nimesikia vijana wakiifanya kuwa sababu kuu. Siyo.

Zile nati mbili zilizolegea ndizo zilizonikosesha usingizi kuliko ufa. Wachovyaji hawakufunika mahali pa kukaza. Nikeli na kromu zilipakwa hadi ndani ya matundu, na uso wa nyuma unaogusana na habu. Nati inabanwa juu ya ngozi laini. Ngozi inapondeka, inakatika, mkazo unapungua, bila nati yenyewe kuzunguka hata nyuzi moja. Gari la mwanangu linataka nyutoni-mita 120 kwa kila nati. Alizikaza hivyo nyumbani kwa spana ya kupimia. Hakukosea. Kwa rimu yoyote ngeni inatakiwa kurudia kukaza baada ya kilomita hamsini hivi, na uwanjani kila baada ya zamu, rimu ikishapoa. Yeye alikuwa bado kwenye zamu ya kwanza.

Na nati za kromu? Hapo fundi alifanya jambo nililolipenda: alikanusha uvumi badala ya kuukuza. Watu husema kuchovya kromu kunaifanya rimu kuwa kama kioo, inapasuka. Ugonjwa huo, alisema, ni wa chuma kigumu, zaidi bolti za magari ya Kizungu ambazo gurudumu zima linaning'inia juu yake. Chuma kigumu kikiwa ndani ya birika la umeme hunywa haidrojeni, na kisipowekwa kwenye tanuri kwa saa kadhaa mara tu kinapotoka, kinaweza kukatika siku nyingine bila kupiga kelele. Alumini haiumwi hivyo. Kwa hiyo bolti za mapambo zisizojulikana zilikotoka asiende nazo mtu uwanjani. Rimu zina magonjwa yake mengine.

Nilikuwa na karata moja ya mwisho. Nyuma ya mkono mmoja palikuwa na herufi JWL, na mimi kwa kazi yangu najua kuwa hiyo ni chapa ya Kijapani ya rimu zilizokidhi vipimo vyao: kukunjwa zikizunguka, kubebeshwa uzito, kugongwa. Nikamwonyesha. Akaitazama, akaniambia, "Hiyo ni cheti cha kuzaliwa, bwana. Si cheti cha afya."

Nilizipima kwenye mizani yetu ya kargo, kwa udadisi tu. Kila moja ilizidi kilo 12. Za kiwandani, tisa na nusu hivi.

Sasa nirudi koridoni. Wiki tano zile hazikuwa za uvivu. Siku ya pili tu baada ya kutoka Sharjah, mteja wangu wa Kariakoo alinipigia kuhusu mzigo wake mwingine, nikamtajia, bila kufikiri, kwamba nina seti ya kromu ya inchi 18 nyumbani. Akaitaka palepale. Rimu tatu hazina ufa, nilijiambia. Hata ile yenye ufa, Dar hakuna uwanja wa mbio. Itatembea Kinondoni, foleni, kilomita ishirini kwa saa. Ingepata kromu mpya na ingeng'aa tena. Hiyo ndiyo njia iliyozileta kwangu, naelewa sasa. Kila mtu aliyezishika kabla yangu alijiambia hivyohivyo.

Na nyuma ya hilo kulikuwa na lile lililonitia haya: seti ngapi nimepakia kwa mikono yangu? Nimewahi kumfungia rimu kijana wa Mark X aliyesema wazi kwamba anashindana usiku barabarani. Nilimwambia, "Mungu akulinde," nikamwandikia risiti.

Sikuwa shujaa. Nilimjibu mteja wa Kariakoo kwamba zimeshachukuliwa, uwongo. Kisha nikaziacha koridoni nikijidanganya natafuta la kufanya. Ni mke wangu aliyemaliza. Jioni moja alimrudisha mdogo wetu nyuma, yule wa kijiko, kwa kuwa alikuwa anachezea ule utepe wenye makali. Akaniambia, "Baba fulani, hizi mnazisubiri nini?" Kesho yake nilizipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, nikasimama hadi akazikata zote nne kwa msumeno mbele yangu. Alishangaa, maana moja tu ilikuwa na ufa. Alinilipa kwa kilo, bei ya alumini. Sitaitaja, mke wangu husoma jarida hili.

Ofisini nimeanza tabia mpya inayoniletea maneno. Rimu za kromu za mtumba zikija, nazigeuza. Natazama kati ya mikono, natazama matundu ya nati kama yana ngozi inayong'aa, natazama pete ya katikati, maana nyingi hapa zinafungwa na pete za plastiki ambazo joto la uwanjani huzilainisha. Nagusa nyuma kama uzuri wote ni plastiki iliyovishwa kromu na kubandikwa kwa gundi, nazo zipo. Kisha namwambia mteja nilichokiona na anaamua mwenyewe. Mmoja alikasirika, akahamisha mzigo wake kwa jirani. Mwingine alinishukuru, akazipakia vilevile.

Mwezi wa tatu tulirudi Motor City. Gari lilikuwa na rimu zake za kiwandani, za kijivu, zimejaa vumbi jeusi la breki, hazina uzuri wowote wa kupigia video. Baada ya zamu ya kwanza alirudi, akashuka na helmeti mkononi, uso umelowa jasho, anacheka. Tukangoja gurudumu lipoe. Kisha akanipa ile spana ya kupimia mkazo, mara ya kwanza kunipa. Nikachuchumaa, nikaweka kwenye nati ya juu, nikavuta hadi ikalia tik. Nikaihamishia kwenye ile iliyo jirani yake.

"Hapana, Baba," akasema. "Siyo hiyo. Ya mkabala kwanza."

Nikaitoa spana, nikaipeleka ng'ambo.